Jamaa Zetu wa Mayo

Dada wa mume wa mama yako mdogo ni nani kwako? Kwetu Mombasa swali hili halimsumbui mtu. Ni shangazi. Unamwamkia, unakaa anapokuonyesha, unakula unachopewa, na mwenye hamu ya kuhesabu vizazi ahesabu mwenyewe. Lakini lipeleke swali hilohilo kwa ofisa wa uhamiaji, aliyeshika kalamu akingoja neno moja la kujaza kwenye fomu, ndipo utakapogundua kwamba jamaa yako ni wa mbali kwelikweli. Nilisema ni shangazi, nikanyamaza.

Mama mdogo alikuwa muuguzi. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kutoka kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, aliyekuja bandarini Kilindini kwa kandarasi ya muda mfupi akanogewa. Alisilimu, akaposa, wakaoana, na baada ya miaka kadhaa wakahamia kwao. Hawakujaaliwa watoto. Mume alipofariki, mama mdogo alirudi Mombasa na maradhi ya magoti, pamoja na mazoea ya kupaka siagi kila kitu, hadi muhogo wa kuchemsha. Kwa hesabu za kawaida uhusiano ungeishia hapo: hakuna damu, hakuna mtoto, hakuna mirathi ya kugombania. Lakini wifi yake, bibi wa miaka themanini na kitu anayeishi shambani nje ya mji wa Westport, hakuacha kupiga simu kila Idd, na kadi yake ya Desemba haikukosa kufika, ingawa mara nyingine ilifika Machi.

Basi niliposema nyumbani kwamba nakwenda Manchester kwa mafunzo ya kazi, mama hakuuliza ni mafunzo gani. Alisema, "Huwezi kufika mlango wa pili ukarudi bila kumwamkia shangazi yako."

Nilimpigia simu kumwarifu. Nilitarajia aniulize napenda chakula gani, na jibu la adabu nilikuwa nalo mdomoni: chochote. Hakuuliza hivyo. Aliuliza nisichokula. Nguruwe anajua, alisema, na pombe anajua, hata ile inayotiwa kwenye keki. Je, kuna kingine? Na nyama ya duka la hapo karibu nitakula, au akachukue Ballyhaunis?

Ballyhaunis ni mji mdogo wa bara huko Mayo, mwendo wa saa nzima hivi kwa gari kutoka kwake. Miaka ya 1970 mfanyabiashara mwenye asili ya Pakistani alianzisha hapo machinjio ya nyama halali ya kuuza nchi za nje. Wafanyakazi Waislamu wakaja, wakaleta familia zao, na mwaka 1987 mji ule wenye barabara chache ukapata msikiti wa kwanza katika Jamhuri ya Ireland kujengwa tangu msingi kwa kazi hiyo. Waislamu wa Dublin wakati huo walikuwa wakiswali katika jengo lililokuwa kanisa. Mama mdogo alipofika Mayo akidhani amekwenda mwisho wa dunia, kumbe bucha ya halali ilikuwa kaunti hiyohiyo. Wifi yake ndiye aliyeigundua.

Nimelifikiria sana swali lile la simu. Anayekuuliza unapenda nini amekupa kazi, maana sasa ni juu yako kuchagua kitu kisichomsumbua. Anayekuuliza huli nini ameibeba kazi mwenyewe. Mimi nimepokea wageni maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza hivyo.

Ndege kutoka Manchester hutua Knock, uwanja uliojengwa juu ya kilima chenye kinamasi na ukungu kwa juhudi za padri mmoja wa parokia, James Horan, aliyechekwa na nusu ya nchi mpaka ulipofunguliwa mwaka 1986. Nilipokewa na mpwa wa Shangazi, kijana wa rika langu, ambaye kwa hesabu za kwetu ni binamu. Njiani alinipa onyo moja tu: nikiulizwa kama nitakunywa chai nisikubali mara ya kwanza, na nisithubutu kukataa mara ya tatu. Nilicheka. Mimi nimelelewa na bibi wa Kibokoni, Mombasa.

Shangazi alitimiza sehemu yake kama alivyotabiriwa. Nitakunywa chai? Nikasema asisumbuke. Hata nusu kikombe? Nikasema nimekunywa kwenye ndege. "Aa, hiyo si chai," alisema, na buli lilikuwa tayari mezani limevishwa kofia yake ya sufi. Maji yalishachemka tangu gari lilipoingia langoni. Haya mazungumzo hayakuwa ya kuamua kitu. Yalikuwa ya kusalimiana.

Alinisukumia kopo la majani nilifungue mwenyewe, na hapo nilisimama kidogo. Baba yangu alifanya kazi miaka mingi katika maghala ya chai Shimanzi. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hadi leo chai ya Kericho, Nandi, Rwanda, Uganda na kwingine hupita pale kabla ya kupakiwa melini. Baba alirudi jioni na harufu ile imeingia kwenye nyuzi za shati, hata mama akilifua haitoki. Kopo la Shangazi lilikuwa la Barry's, kampuni ya Cork iliyoanza mwaka 1901, na mchanganyiko wake una majani ya Kenya, ya Rwanda na ya Assam. Nilinusa, nikamwambia hii ni harufu ya shati la baba. Alilichukua kopo akanusa naye, kwa makini, kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe.

Waayalandi kwa kunywa chai ni miongoni mwa wa kwanza duniani, ukihesabu kwa kila kichwa. Waturuki ndio wanaowatangulia. Wanaitaka nzito, yenye rangi ya kahawia iliyokolea, na maziwa mengi juu yake, na ndiyo maana majani ya nyanda zetu za juu yanawafaa. Shangazi anakumbuka utotoni, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, chai ilipogawiwa kwa kipimo. Nchi yake haikuingia vitani, lakini chai yake ilipitia London, na London ilipobana, mgawo ulishuka mwaka 1941 hadi gramu kama 14 kwa mtu kwa wiki. Mama yake alianika majani yaliyokwisha tumika kwenye karatasi juu ya jiko, akayapika tena, na mgeni akija hupewa ya kwanza, watoto wakanywa ya pili. Hakusimulia kwa masikitiko. Alisimulia kueleza kwa nini buli lake halikai tupu.

Jikoni mwake ndimo mlimokuwa na maisha yote ya nyumba ile. Sebule ipo, ina viti vizuri na picha ya harusi ya mama mdogo, lakini sikumwona mtu akiketi humo. Jiko ni la chuma, kubwa, linachoma vipande vya udongo mweusi wa kinamasi vilivyokaushwa, na moshi wake una harufu tamu nzito inayokuganda nguoni. Kando ya jiko, karibu na ukuta, mama mdogo aliacha mbuzi yake ya kukunia nazi. Nazi hazipatikani kirahisi Westport, basi mbuzi imekunjuliwa, ulimi wake wa chuma umefungwa kitambaa, na paka hulala juu yake. Kabatini kulikuwa na makopo ya iliki na binzari nyembamba, na haya hayakuwa ya ukumbusho. Wali wa maziwa wa Shangazi una iliki, na majirani wanadhani ni siri ya ukoo wake.

Mkate ndio niliotaka kujifunza. Alinitazamisha asubuhi moja. Unga wa ngano wenye pumba, chumvi, kijiko kidogo cha soda ya kupikia alichokisugua kwanza kiganjani kuvunja madonge, kisha shimo katikati na mtindi ndani yake. Vidole alivitanua kama ukucha wa kuku, akazungusha mara chache tu, polepole, kutoka katikati kwenda ukingoni. Nilinyoosha mikono nikande, akanipiga kofi dogo. Huu haukandwi. Ukiukanda unakuwa jiwe, kwa sababu hauna hamira ya kuuinua upya. Kinachouinua ni lile povu la mtindi mchachu ukikutana na soda, na povu halingoji. Ngano ya Ireland ni laini, haina nguvu ya kuvutika inayotakiwa na mkate wa hamira, ndiyo maana soda ilipoenea karne ya 19 ilishika nchi nzima. Aliuviringa, akaukata msalaba juu kwa kisu ili uive hadi ndani. Wengine husema msalaba ni wa baraka, wengine ni wa kuwatoa majini wa humo, na yeye hakutaka kuchagua.

Mama yake aliuoka bila joko. Alikuwa na chungu cha chuma chenye miguu mitatu na kifuniko bapa. Donge liliwekwa ndani, chungu kikatundikwa juu ya moto, na makaa mengine yakapangwa juu ya kifuniko. Nilimwambia mkate wetu wa kumimina nao hupaliwa makaa juu na chini. Alitaka kujua makaa mangapi juu, mangapi chini, na nani aliyetufundisha. Chungu chenyewe kiko nje mlangoni, kimepandwa maua.

Chakula cha mchana kilikuwa kondoo wa Ballyhaunis, aliyepikwa taratibu na karoti na vitunguu, kabeji iliyokatwa nyembamba, na viazi. Niseme kweli: ulimi wangu uliyatafuta mapilipili na haukuyapata. Chumvi, pilipili manga, majani ya kotimiri ya kizungu, basi. Sahani ya pili ikanifundisha kunyamaza, maana kondoo aliyekula nyasi za mlimani zinazopigwa na upepo wa bahari hataki msaada mwingi. Na viazi! Sisi Mombasa kiazi ni kitu cha kutiwa ndani ya kitu kingine: karai, katlesi, biriani. Huko ndicho chakula, na kina majina yake na mashabiki wake. Vilichemshwa na maganda, maji yakamwagwa, sufuria ikafunikwa kitambaa ili mvuke ukauke. Binamu alikichoma kimoja kwa uma, akakimenya kikiwa moto kwa kisu kidogo, ganda likaenda kwenye kisahani cha pembeni, na kiazi kikaanguka sahanini kikipasuka chenyewe kuwa unga mweupe. Siagi juu. Mezani palizungumzwa viazi vya mwaka huu dhidi ya vya mwaka jana kwa muda ambao sisi tungezungumzia uchaguzi.

Jioni za kiangazi huko jua halizami mpaka karibu saa nne za usiku. Nilikuwa nangoja magharibi nje ya mlango wa nyuma pale mwanga ulipolala chini na mlima wa jirani ukabadilika. Mistari ilijitokeza, sambamba, mmoja baada ya mwingine, kutoka chini hadi mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angelima. Yalikuwa matuta ya viazi. Hayajaguswa tangu miaka ya 1840, nyasi zimeota juu yake, na mchana huyaoni kabisa. Nilimuuliza Shangazi yalikuwa ya nani. "Ya majirani," alisema.

Ugonjwa wa viazi uliingia Ireland mwaka 1845, ukarudi mwaka uliofuata na kuendelea. Kiasi cha watu milioni moja walikufa kwa njaa na homa zake, na milioni nyingine wakapanda meli. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Mayo iliumia kuliko sehemu nyingi: watu karibu 389,000 mwaka 1841, karibu 275,000 miaka kumi baadaye, na kaunti haikurudi tena ilipokuwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu kama 138,000. Unaendesha gari katika nafasi iliyo wazi na nzuri, unasifu mandhari, kisha unajiuliza kwa nini iko wazi.

Binamu alinipeleka Doolough, bonde lenye ziwa jeusi kati ya Louisburgh na kijiji cha Leenane. Machi 1849 mamia ya watu wenye njaa wa Louisburgh waliambiwa waende wakakaguliwe na wakuu wa msaada katika nyumba ya uwindaji huko Delphi, mwendo wa kilomita kama 19 kwa miguu kwenye baridi. Masimulizi ya huko yanasema walipofika waliambiwa wangoje, wakuu wanakula. Baada ya kula wakarudishwa mikono mitupu, na wengi hawakufika nyumbani. Kuna msalaba wa jiwe kando ya barabara, na kila mwaka watu huitembea njia ile. Askofu Desmond Tutu aliitembea mwaka 1991. Binamu hakusema mengi. Alisema tu bibi yao hakuwa akivumilia mtu kuja mlangoni wakati wa chakula akaambiwa asubiri.

Na wana hadithi ya kinyume, ambayo Shangazi huipenda zaidi. Ghuba ya Clew, inayoonekana kutoka dirishani kwake na visiwa vyake vingi, ilikuwa milki ya Gráinne Ní Mháille, nahodha mwanamke wa karne ya 16 aliyekwenda kuonana na Malkia Elizabeth mwaka 1593. Hadithi inasema aliwahi kupita Howth, karibu na Dublin, akaomba kuingia ngomeni, akakuta lango limefungwa kwa sababu bwana mkubwa yumo mezani. Alimchukua kijana mrithi wa ngome akaenda naye Mayo. Fidia ya dhahabu aliikataa. Alitaka lango lisifungwe tena wakati wa chakula na sahani moja ya ziada iwekwe mezani daima. Iwe ilitokea hivyo au ilipambwa, ni hadithi ambayo watu wa Mayo wameamua kuisimulia juu yao.

Ningeweza kusema kwamba ukarimu wao umetoka kwenye njaa, na msomaji angeridhika. Mimi siridhiki. Wapo walioshinda njaa wakatoka na mikono iliyokunjana, wakaweka akiba mpaka ikaoza. Njaa haimfundishi mtu kugawa. Nadhani walichofundishwa ni kitu chembamba zaidi: kwamba aliyefungiwa mlango hupoteza mlo, na aliyeufunga hupoteza jina. Jina la wale waliokuwa wakila Delphi linatajwa hadi leo, na si kwa heri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sijui nani aliwafikishia habari Mayo, maana hapakupita siku nyingi kabla sijapewa mabuti ya mpira ya mama mdogo na kupelekwa kinamasini. Udongo ulikuwa umeshakatwa na kulazwa chini vipande vipande, kila kimoja kirefu kama tofali na nusu, cheusi, kizito kwa maji. Kazi yetu ilikuwa kuvisimamisha vitano au sita vikiegemeana kileleni, upepo upite katikati uvikaushe. Ni kazi ya kuinama. Baada ya saa moja mgongo wangu ulikuwa ukinena lugha zote ninazozijua. Kampuni ya taifa ilikwisha kuacha kuchimba udongo huu kwa ajili ya mazingira, na familia zenye haki ya kukata kwa matumizi yao ndizo zinazoendelea, kwa mabishano makali. Binamu mwenyewe anaamini inapasa kukoma na anaipenda kazi hiyo vilevile.

Saa saba tulikaa juu ya magunia. Chai kutoka chupa, mayai ya kuchemsha, chumvi imefungwa kwenye karatasi, mkate wa soda na siagi nene kiasi cha kuacha alama za meno. Nimekula hoteli za ufukweni, nimekula harusi za Lamu, na bado nitaukumbuka mlo huo. Nilikuwa nimeufanyia kazi, na mpaka leo naona jambo kubwa zaidi alilonitendea Shangazi ni kuacha kunitumikia. Mgeni anayekaa tu na kuletewa hubaki mgeni. Nilirudi na matope hadi magotini, akanitazama, akasema, "Utaosha na vyombo."

Nyumba nyingine zilifuata: ndugu, shemeji, jirani aliyesoma na baba mdogo. Kila moja ilikuwa na keki yake ya matufaha, na kila moja ilikuwa imeshapata habari kwa Shangazi kuhusu nisichokula. Baani walinipigia muziki na kuniletea chai kwenye buli dogo bila kuniangalia mara mbili. Mwanamke mmoja alinilisha mwani, ule mwekundu wa miambani, uliochemshwa na maziwa na sukari mpaka ukaganda laini. Nilimweleza kwamba Kibuyuni, kwetu pwani, na Zanzibar wanawake wanalima mwani wa jamii hiyo kamba kwa kamba, ukakaushwa ukauzwa nje, viwandani ukatolewa utomvu uleule wa kugandisha vyakula, na kwetu ni nadra kumkuta mtu akiupika nyumbani. Aliniandikia jinsi ya kuupika nyuma ya bahasha.

Jambo moja halikuzungumzwa. Dirishani jikoni palikuwa na sanduku dogo la kadibodi la sadaka ya Kwaresima, kama yanayogawiwa nyumba za Wakatoliki nchini humo, lenye picha ya mtoto mweusi. Kwaresima ilikwisha zamani na Shangazi hakuwa amelirudisha. Asubuhi moja nilikuta limegeuzwa, picha inatazama kioo. Sikuuliza na hakueleza. Ningelikuwa mimi ningeliacha kama lilivyokuwa, maana pesa zile ni za kweli na huruma ni ya kweli. Ila nilielewa kilichomkera. Kwa miaka yote aliwatumia chakula watu wa upande wangu wa dunia, na sasa mmoja wao alikuwa anamwambia chumvi imepungua.

Huenda ndiyo maana alimleta dada mmoja wa Bukavu, Kongo. Walijuana kanisani, kwenye kwaya. "Kuna mtu anayesema lugha yako," aliniambia, na Jumapili baada ya misa akaingia naye. Kiswahili chake cha Kivu na changu cha Mombasa vilipapasana kwa dakika chache kisha vikashikana. Alikuwa amekaa miaka katika kituo cha waomba hifadhi, mji mwingine. Utaratibu huo wa serikali ulianza mwaka 2000: malazi, milo mitatu bwaloni kwa saa maalumu, posho ndogo. Vituo vingi havikuwa na mahali pa kupikia, na ripoti ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Jaji mstaafu Bryan McMahon, ilitaka familia zipewe nafasi ya kujipikia. Mabadiliko yalikuja, kwa mwendo wa kobe. Karatasi zake zilikuwa zimetoka, anangoja nyumba.

Nilimuuliza kama walishinda njaa. "Njaa hapana," alisema. "Chakula walitupatia. Lakini miaka yote ile sikumwambia mutu hata moja: karibu, kula."

Shangazi aliuliza amesema nini. Nilipomfasiria, aliinuka, akavua aproni, akamvisha yeye.

Dada alikuwa na unga wa mahindi mkobani, kutoka duka la Waafrika. Alisema hatembei bila huo. Badala ya sombe, yaani kisamvu, tulitumia spinachi, na samaki makreli wa binamu waliovuliwa jana yake. Shangazi aliketi mezani, mahali pangu, mikono mapajani, akikatazwa kila alipojaribu kusimama. Bugali, ndio ugali wa kwao, lilipowekwa mbele yake, la unga wa manjano, alilitazama kwa muda.

Baadaye ndipo aliponieleza. Wakati wa njaa ile kuu serikali ya Uingereza ilinunua mahindi Marekani, yakafika Cork mapema mwaka 1846. Hakuna aliyejua kuyapika, yalikuwa magumu, hayakusagwa vizuri, yakawakata watu matumbo. Unga wa manjano ukabaki chakula cha mafukara magharibi mwa Ireland kwa vizazi. Bibi yake, aliyezaliwa baada ya njaa na kulelewa na walioiona, alikataa unga huo usivuke kizingiti cha mlango wake mpaka alipokufa.

Wakati ule hakusema lolote. Alitazama jinsi dada anavyomega, akamega, akafinyanga vibaya, akachovya. Akala. Dada alimsogezea sahani, akasema ale tena, naye akasema ameshiba. Akaambiwa kidogo tu. Akasema asisumbuke. Kisha akakubali, tonge la pili kubwa kuliko la kwanza.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa Mombasa, binamu alinitumia ujumbe. Dada amepata nyumba, vyumba viwili juu ya duka la viatu, na mgeni wake wa kwanza ni Shangazi, aliyepandishwa ngazi akishikwa mikono miwili huku amebeba mkate alioambiwa asilete. Walilishwa sambaza wa Kivu, wale wadogo wakavu, wamekaangwa wazima. Binamu alikuwa akivitenga vichwa kwenye ukingo wa sahani, mpaka alipoona Shangazi anavila.